Funika Kombe, Mtoto Alipe

Kuna ushauri mmoja ambao karibu kila mwanamke aliyeolewa ameshawahi kupewa, ama na mama yake, ama na shangazi, ama na kiongozi wake wa dini: "Vumilia mwanangu, kwa ajili ya watoto. Na mambo ya ndani yabaki ndani." Ushauri huu hutolewa kwa nia njema, na mara nyingine husaidia kweli. Ila mwezi huu nataka tuupime. Mzani nitakaoutumia ni mchezo wa kuigiza wa siku nyingi sana, ulioandikwa huko Ulaya mwaka 1881, na ambao mpaka leo bado unachezwa majukwaani.

Najua utasema, "Sasa michezo ya Wazungu wa zamani inanihusu nini mimi?" Subiri kidogo. Ukifika mwisho, nina hakika kuna mtu utakuwa umeshamkumbuka.

Mchezo wenyewe kwa Kinorwei unaitwa Gengangere, yaani wale wanaorudi tena baada ya kufa. Kwa Kiingereza unajulikana kama Ghosts. Sisi tuuite Mizuka. Aliyeuandika ni Henrik Ibsen, mwandishi mkubwa wa Norwei aliyezaliwa mwaka 1828 na kufariki mwaka 1906. Usitegemee kukuta humo majini wala popobawa. Mizuka ya Ibsen ni mambo ambayo wazazi wameyafukia, wakapanda na maua juu yake, halafu yanakuja kufufuka ndani ya watoto wao.

Miaka miwili kabla, mwaka 1879, Ibsen alikuwa ametoa mchezo mwingine kuhusu mke anayeitwa Nora, ambaye mwishoni anaiacha nyumba ya mumewe na kuondoka. Watu walichachamaa. Mke gani huyo, anaacha mume na watoto? Ndipo Ibsen akaja na Mizuka, hadithi ya mke aliyeondoka, akaambiwa rudi, naye akarudi. Ni kama anawaambia watu: haya, mke mliyemtaka ndiye huyu, tazameni sasa yaliyompata.

MKE ALIYEAMBIWA RUDI

Helene Alving aliolewa kwa hesabu. Mama yake na shangazi zake wawili walikaa wakapiga mahesabu, wakaona kijana Alving ana fedha na cheo, wakasema hapa ndipo. Yeye moyo wake ulikuwa kwa mtu mwingine, mchungaji kijana anayeitwa Manders.

Mwaka wa kwanza wa ndoa haujaisha, Helene akagundua mumewe ni mlevi na mtu wa wanawake. Akatoka mbio, akaenda kugonga mlango wa nani? Wa Mchungaji Manders. Na Manders, ambaye naye moyoni alikuwa na yake, akamrudisha. Akamwambia kazi ya mke si kumhukumu mumewe, abebe msalaba wake. Helene akarudi.

Sasa ona alichokifanya. Huyu mama hakukaa analia. Aliamua kwamba kama ni kuvumilia, basi atavumilia kwa akili. Alikaa na mumewe chumbani, akanywa naye na kusikiliza maneno yake machafu, ili mradi asitoke akaaibike nje. Usiku ukiwa mkubwa alipambana naye kumfikisha kitandani. Mashamba aliyaendesha yeye, biashara aliisimamia yeye, na sifa zote akampa mume ambaye muda huo amejilaza kwenye kochi. Kijijini watu wakamsifu Kapteni Alving, mtu wa watu, mpenda maendeleo. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Kisha siku moja akamsikia mumewe akimshika kwa nguvu msichana wa kazi, Johanna, kwenye chumba cha maua, mle mle ndani ya nyumba. Johanna akapata mimba. Akalipwa fedha, akaondolewa, na fundi seremala mmoja anayeitwa Engstrand akamuoa haraka haraka na kujifanya baba wa mtoto. Mtoto huyo ndiye Regine. Baadaye Bi Alving akamchukua Regine na kumweka nyumbani kwake. Kama mtoto wa nyumba? Hapana, kama msichana wa kazi.

Baada ya kisa cha Johanna, Bi Alving akamtoa mwanawe wa pekee, Osvald. Mtoto hajatimiza hata miaka 7, akapelekwa kulelewa mbali ili asije akavuta ile hewa chafu. Hakurudi kukanyaga nyumba ile muda wote baba yake alipokuwa hai. Na kila mara mama alimwandikia barua. Unajua barua zilisema nini? Zilimsifia baba. Baba yako ni mtu mwema, baba yako ni mfano wa kuigwa.

Funika kombe mwanaharamu apite. Bi Alving alilifunika kombe kwa miaka karibu 20.

MZIGO UKAMWANGUKIA MTOTO

Mchezo unapoanza, Kapteni ameshafariki miaka 10 iliyopita. Osvald, sasa mchoraji kijana, amerudi kutoka Paris. Mama amejenga nyumba ya yatima kwa jina la marehemu, na kesho yake itafunguliwa kwa sherehe. Hata fedha za ujenzi zina siri ndani yake: mama amepiga hesabu mpaka zikalingana sawasawa na mali aliyokuja nayo Kapteni kwenye ndoa. Hataki Osvald arithi hata senti moja ya baba yake. Anachotaka ni mtoto arithi kila kitu kutoka kwake yeye mama.

Jamani, urithi hauchagui hivyo.

Osvald anamwambia mama yake kwamba ni mgonjwa, na ugonjwa umeshapanda kichwani. Kule Paris alikwenda kwa daktari bingwa, daktari akamwambia kuna kitu kimemtafuna tangu kuzaliwa, kimetoka kwa baba. Ibsen haliandiki jina la ugonjwa huo mahali popote kwenye mchezo, lakini watazamaji wa wakati ule walielewa mara moja kwamba ni kaswende.

Hebu hapa msomaji wangu soma polepole, maana ndipo penye kiini cha mchezo. Osvald aliposikia vile alikasirika. Akatoa zile barua za mama yake, akamtafsiria daktari zile sehemu zinazomsifia baba. Unaona, daktari? Baba yangu hakuwa mtu wa namna hiyo. Daktari naye akakubali kwamba basi atakuwa amekosea. Kama si baba, lazima ni kijana mwenyewe. Ni starehe zake na marafiki zake huko Paris ndizo zilizomwangusha.

Kwa hiyo kijana amerudi nyumbani akijilaumu usiku na mchana. Anaamini maisha yake ameyaharibu kwa mikono yake mwenyewe. Anasema afadhali ingekuwa ni kitu cha kurithi, kitu ambacho hakuwa na uwezo nacho. Na mama yake amekaa hapo hapo anamsikiliza.

Umeiona kazi ya ule uongo? Ulitungwa ili kumlinda mtoto. Ukaenda ukamchukua hatia ya baba, ukaitua kwenye kichwa cha mtoto ambaye hakufanya kosa. Na si hivyo tu. Osvald, bila kujua, anampenda Regine, anataka kumuoa. Mama anasikia kutoka chumba cha pili kiti kinaanguka na Regine anamwambia Osvald amwachie, kwa maneno yale yale aliyoyatumia Johanna kumwambia Kapteni. Mizuka imerudi. Kaka na dada wa baba mmoja wako ndani ya nyumba moja, na wanaojua ni wazee peke yao.

MSHAURI MWENYE JINA LA KULINDA

Watu wengi wakitoka kuutazama mchezo huu wanamlaumu marehemu. Mimi jicho langu liko kwa Mchungaji Manders.

Huyu ni mtu mpole, mwenye sauti ya upole, na hana ubaya wa makusudi. Ila kila anapotakiwa kuamua jambo, swali lake ni moja tu: watu watasemaje? Anavikosoa vitabu vya Bi Alving wakati hajavisoma, amesoma tu walivyovisema wengine. Zaidi ya miaka 20 iliyopita alimrudisha mke kwa mlevi, na mpaka leo anaihesabu siku ile kuwa ushindi mkubwa wa maisha yake. Hajawahi kurudi kuuliza hali ya nyumba ile ilikuwaje baada ya pale.

Kisa cha bima ndicho kinachomwonyesha vizuri zaidi. Mchungaji mwenyewe ndiye anayeuliza, nyumba ya yatima tuikatie bima? Anasema yeye binafsi haoni ubaya, lakini kuna watu wenye uzito wanaweza kudhani hatumtegemei Mungu vya kutosha, na magazeti yanaweza kumwandama. Basi isikatwe. Na hata anapokuja kuambiwa kwamba jana yake tu maranda yalishika moto kwenye karakana ya seremala, uamuzi haubadiliki.

Usiku ule ule, baada ya ibada, nyumba ya yatima inaungua yote. Engstrand, yule seremala mjanja, anadai amemuona Mchungaji akikata utambi wa mshumaa na kuutupa kwenye maranda. Kweli au uongo, Ibsen hatuambii. Ila tunaona Mchungaji anavyotetemeka, tena si kwa ajili ya yatima waliokosa nyumba. Anaogopa kuandikwa. Engstrand anajitolea kuubeba msala huo, na kwa malipo anaahidiwa fedha za kufungua nyumba ya kupumzikia mabaharia, ambayo ukisikiliza maelezo yake unajua kabisa biashara itakayofanyika humo. Itaitwa jina gani? Jina la Kapteni Alving. Naye Regine, akishajua baba yake ni nani, anaondoka kwa hasira, na njia anayoifuata ni ya kuelekea huko.

Mpenzi msomaji, hapa kuna somo kwa sisi sote tunaoitwa kusuluhisha ndoa za watu: makungwi, wasimamizi wa ndoa, mashangazi, wachungaji, mashehe. Ukimwambia mtu "rudi nyumbani", umejipa kazi. Nenda kamtazame baada ya mwezi. Nenda tena baada ya mwaka. Muulize anakula, analala, anapigwa? Ushauri ambao aliyeutoa halipii chochote, na aliyeupokea analipia maisha yake yote, huo sio ushauri. Hapo mshauri amejiokoa mwenyewe.

NA MAMA JE?

Tusimfanye Bi Alving malaika, maana hata Ibsen hakumfanya hivyo. Mwishoni yeye mwenyewe anamwambia mwanawe kwamba Alving alikuwa kijana mwenye furaha ya maisha iliyofurika, akakwama kwenye mji mdogo usio na la maana la kufanya. Naye mkewe, aliyefundishwa wajibu na wajibu tu, aliifanya nyumba isikalike. Mume kwenda kwa Johanna ni kosa lake mume, halihamishiki. Lakini mama anakubali kuichukua sehemu yake ya ukweli, na ndani ya ile nyumba ni yeye peke yake mwenye ujasiri huo.

Tatizo ni kwamba anachelewa. Kila anapotaka kusema, kuna kitu kinazuia. Mara Mchungaji anamkumbusha heshima, mara moto umewaka. Anapokuja kusema, ukweli hauna tena pa kufanyia kazi. Asubuhi, jua linachomoza juu ya milima, na ugonjwa unamzidi Osvald hapo hapo mbele yake. Kijana alikuwa ameweka akiba ya mofini na kumuomba mama amsaidie kufa siku hiyo ikifika. Pazia linashuka mama akiwa amesimama, hajui ampe au asimpe. Mficha maradhi kifo humuumbua.

WALIVYOUPOKEA

Si ajabu kwamba watu wenye heshima zao waliukataa mchezo huu. Kitabu kilichapishwa nakala 10,000 Desemba 1881 huko Copenhagen, na maduka ya vitabu yakarudisha nyingi. Kumbi kubwa za Skandinavia hazikutaka kuugusa. Mara ya kwanza kabisa ulichezwa ng'ambo, Chicago, Marekani, Mei 1882, mbele ya wahamiaji kutoka nchi hizo. Uingereza mkaguzi wa michezo aliukatalia kibali, ukachezwa London mwaka 1891 kwa wanachama wa klabu tu, na gazeti moja likaufananisha na mtaro wa maji machafu ulioachwa wazi. Kibali cha kuuonyesha hadharani kilikuja kutolewa mwaka 1914.

Na kuna jambo kuhusu mwandishi mwenyewe. Akiwa na miaka 18, mfanyakazi mchanga kwenye duka la dawa katika mji wa Grimstad, Ibsen alizaa mtoto wa kiume na msichana wa kazi wa nyumba ile, mwaka 1846. Alilazimika kulipia matunzo kwa miaka 14 hivi, lakini mtoto mwenyewe alimkwepa. Simsemi ili nimchafue. Nasema tu kwamba alipomwandika Regine, mtoto asiyeitwa kwa jina la baba, hakuhitaji kuhadithiwa na mtu.

STARA NI KITU KINGINE

Naomba nieleweke. Simwambii mtu akaanike nguo zake za ndani barabarani. Sisi tumelelewa kusitiri, na stara ni kitu kizuri. Jirani hana haki ya kujua kila kinachotokea chumbani kwako. Hata mtoto wa miaka 5 hahitaji kuambiwa kila alichofanya baba yake.

Lakini kusitiri na kudanganya ni vitu viwili tofauti. Stara unamfanyia mtu wa nje. Unafunga mlango, unashusha pazia, basi. Mtoto wako yuko ndani ya pazia. Ukimdanganya yeye, hujamsitiri, umempa ramani ya uongo, kisha umemwambia asafiri nayo. Osvald alisafiri nayo mpaka Paris, na siku aliyoitoa mfukoni ili imsaidie, ndiyo iliyompoteza.

Kwa hiyo, kama kwako kuna Kapteni Alving, mwanamume au mwanamke, maana walevi na wazinzi wa jinsia zote wapo, jiulize mambo matatu.

Kwanza, kimya changu kinamlinda nani? Kama kinamlinda mtoto, sawa. Kama kinalinda jina la familia na mtoto ndiye analipa, hapo kuna kasheshe. Wala si lazima umtukane mzazi mwenzio. "Baba yako anakupenda, ila ana tatizo la pombe, na si wewe uliyelisababisha" ni maneno machache tu, na yanaweza kumtua mtoto mzigo wa miaka.

Pili, kuna ndugu asiyejulikana? Watoto wa nje wapo, tusizugane. Wanakua, wanasoma shule moja, wanakutana kwenye harusi. Wanastahili kujuana kabla hawajapendana, na aliye nje anastahili jina, ada na chakula kama mwenzake.

Tatu, kuna ugonjwa? Leo tunajua kuliko alivyojua Ibsen. Kimelea cha kaswende kiligunduliwa mwaka 1905, na tangu mwaka 1943 inatibiwa kwa penisilini. Tunajua pia kwamba baba hamwambukizi mtoto moja kwa moja. Anamwambukiza mama, na mama mjamzito ndiye anayempitishia mtoto tumboni. Maana yake uongo wa mume kwa mke unaweza kumfikia mtoto hata kabla hajazaliwa. Ndiyo sababu kliniki ya wajawazito wanapima kaswende na virusi vya UKIMWI, na ndiyo sababu wanasisitiza mje wawili. Mume anayekataa kwenda kupima eti mambo yake ni ya siri, hiyo siri si yake peke yake.

Kapteni Alving alikufa kitambo, akazikwa na sifa zake zote. Mchungaji Manders alirudi zake mjini, jina lake likiwa salama. Aliyebaki kwenye kiti asubuhi ile, akiomba apewe jua, ni mtoto.

Tukutane tena mwezi ujao, panapo majaliwa.